Meza ya Watu Kumi na Wanne

Mama Adhis alikuwa hajui kukaa. Jina lake hasa ni Akong'o, lakini Keroka nzima walimwita kwa jina la binti yake, na ukimtaka ulifuata sauti: mara yuko jikoni anageuza samaki, mara yuko mlangoni anaita wateja, mara amevuka barabara kumgombeza muuza makaa kwa kumletea makaa yaliyonyeshewa. Chakula alikula amesimama. Hata kanisani, mchungaji akirefusha mahubiri, alitoka kwenda kuangalia kitu nje, na kitu chenyewe hakipo.

Sasa mtu kama huyo umwambie akae kwenye kiti kutwa nzima, ndani ya hoteli yake mwenyewe, asiguse hata kijiko! Si ni kumtafutia ugonjwa?

"Kutwa nzima?" alifoka kwenye simu. "Duncan, umelewa?"

"Kutoka asubuhi mpaka mfunge, Mama. Kaa kama mteja. Agiza chakula, kula, tazama watu. Usisimame, tafadhali."

"Na kazi afanye nani?"

"Nyakerario yuko. Siku moja tu, Mama."

Duncan alikuwa kocha wa biashara. Ndiyo, kocha, na wachuuzi wa Keroka walimcheka sana kwa jina hilo, wakimuuliza timu yake inacheza lini na nani golikipa. Mradi mmoja ulikuwa umemleta awafundishe wenye biashara ndogondogo kila Jumatano kwenye ukumbi wa kanisa, na baada ya hapo awapigie simu mmoja mmoja. Damu yake ni ya Nyamira, lakini alizaliwa na kukulia Nairobi. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na Ekegusii chake, lugha ya Wakisii wenyeji wa Keroka, kilikuwa cha kubahatisha.

Mama Adhis alikubali kwa sababu moja tu. Zilibaki siku kumi lori lije.

Lori hilo alijiletea kwa mdomo wake mwenyewe. Mumewe, Ochanda, alifariki miaka miwili iliyopita, na Desemba iliyopita ukoo ulikutana nyumbani Kendu Bay. Shemeji yake mkubwa, Odoyo, alisimama akasema mjane wa ndugu yake hawezi kuzeekea kwenye chumba cha kupanga, katika nchi ya watu, akikaangia wapita njia samaki. Arudi nyumbani, atajengewa karibu na lango la Odoyo. Alisema kwa upole, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Lakini Mama Adhis aliiona hiyo nyumba ya karibu na lango: kila akitoka ataulizwa anakwenda wapi, kila akirudi ataulizwa ametoka wapi, na chumvi ikiisha ataomba. Damu ikamchemka. Akasimama mbele ya wazee wote akasema, "Nipeni mpaka Agosti. Agosti ikiisha kama hoteli yangu haijasimama, leteni lori. Nitapanda mwenyewe, hamtanisukuma."

Yawa! Mdomo huo! Wazee wakapiga makofi, Odoyo akasema amesikia, na Odoyo akisikia kitu hasahau.

Wakati ule hoteli ilikuwa haiendi vibaya. Haikuwa imejaa, lakini ilikuwa na wateja wake. Chumba kilikuwa na vijumba vinne vya plaiwudi alivyoviacha mpangaji wa zamani, kila kimoja na pazia lililopauka mpaka rangi yake haijulikani. Watu waliingia, wakajifungia na samaki wao, wakamaliza wakaondoka. Mama Adhis aliyachukia yale mapazia kama mtu anavyochukia kidonda. Kisha mwezi wa Mei akaingia kwenye masomo ya Duncan, na Jumatano ya tatu kocha akawaonyesha picha za mahoteli ya Nairobi ukutani: vioo, mwanga, meza ndefu watu wakila pamoja wakicheka. "Mteja wa leo anataka nafasi," Duncan alisema. "Anataka kuona na kuonekana. Fungueni!"

Wengine waliandika kwenye daftari. Mama Adhis alikwenda kununua nyundo.

Jioni hiyohiyo alivunja vijumba vyote vinne kwa mikono yake. Kufikia mwisho wa wiki fundi Alfayo alikuwa amemtengenezea meza moja ya mkaratusi, ndefu, ya watu kumi na wanne, na mabenchi yake pande mbili. Nyakerario, mwanamke aliyempikia kwa miaka sita, alisimama na ufagio katikati ya vumbi la plaiwudi akasema polepole, "Mama, hayo mapazia yalikuwa na kazi yake."

"Kazi gani? Ya kuficha nzi?"

Nyakerario akafagia, akanyamaza. Naye akikunyamazia, hutamsikia tena juu ya jambo hilo mpaka uje umwombe.

Tangu siku hiyo hoteli ilianza kufa. Haikufa ghafla, na hilo ndilo lililomtesa, kwa sababu hakujua pa kushika. Wanaume wa siku ya soko walifika mlangoni, wakachungulia, wakajipapasa mifuko kama waliosahau kitu, wakaenda zao. Akina mama waliingia wakasema, "Nifungie tu," wakabeba samaki kwenye gazeti wakaenda kula mahali pasipojulikana. Mama Adhis alibadilisha chumvi. Alibadilisha mafuta. Alinunua redio, akaiuza. Aliwaza kuwa hoteli mpya ya ng'ambo ya barabara imemroga, kisha akawaza jambo baya zaidi, ambalo hakumwambia mtu: kwamba pengine wamemchoka tu, Mjaluo katikati ya Wakisii miaka ishirini, na wanaona haya kumwambia aende. Usiku hakulala. Mchana alizunguka mara mbili zaidi.

Basi siku ya kukaa ikafika. Nyakerario alimwekea kiti mwisho wa ile meza, akamfuta mbele yake kwa kitambaa kama mgeni, akamuuliza kwa adabu zote, "Mama atakula nini?"

"Usinichezee."

"Kocha amesema uagize."

Saa ya kwanza mguu wake ulitetemeka chini ya meza mpaka glasi zikalia. Saa ya pili aliona sufuria inafurika jikoni akasimama nusu, Nyakerario akamkazia jicho, akakaa. Saa ya tatu alianza kuona. Mzee mmoja mwenye kofia aliingia, akakaa katikati ya meza, akaagiza matumbo. Punde akaingia kijana aliyevaa vizuri, mwalimu kwa kumtazama. Kijana akavuta benchi. Halafu akamwona mzee, mzee akamwona yeye, na wote wawili wakawa kama waliokanyaga moto. Kijana akarudisha benchi bila sauti akatoka kinyumenyume. Mzee naye hakula tena. Alisukuma sahani, akalipa, akaondoka na njaa yake.

"Wamegombana?" Mama Adhis akauliza.

"Hata," Nyakerario akasema. "Wanapendana sana." Akarudi jikoni.

Mchana njaa ikamuuma, akaagiza kichwa cha mbuta cha kuchemsha. Sasa, kichwa cha mbuta hakiliwi kwa aibu. Unakishika kwa mikono miwili, unakivunja, unanyonya mashavu, unafuata jicho, mchuzi unateremka mpaka kwenye viwiko. Mama Adhis alikuwa ndani ya kichwa hicho mpaka kwenye nyusi, amefumba macho, ndipo mtu akasema mlangoni, "Hodi hapa."

Alikuwa Odero, mume wa binti yake Adhis.

Odero ndiye dereva wa lori lenyewe. Baba mkubwa Odoyo alimtuma apite kuangalia mzigo utakuwa wa ukubwa gani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, mkwe mwenye heshima zake, na macho yake yakatua juu ya mama mkwe wake aliyeshika taya la samaki.

Jamani! Mama Adhis aliruka. Kiti kikaanguka, glasi ikaanguka, naye akakimbia na kichwa chake cha mbuta hadi jikoni, akajificha nyuma ya mlango akihema. Kwao Kendu Bay, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Hata maji anayanywa akigeukia pembeni. Heri angemkuta anaoga!

Nyakerario alikuwa ameshikilia ukuta. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akacheka mpaka akachutama.

"Unacheka nini wewe?" Mama Adhis alifoka, mchuzi ukimtiririka.

"Mama," Nyakerario akasema, akijifuta macho, "sasa umeona?"

Mama Adhis alichungulia kupitia ufa wa mlango. Chumba kilikuwa kitupu, meza ndefu imelala katikati, na Odero alikuwa ameshatoka nje, ameligeuzia jengo mgongo, anatazama barabara kama mtu ambaye hakuona chochote. Akamkumbuka yule mwalimu. Akamkumbuka mzee mwenye kofia. Akawakumbuka akina mama wote wa nifungie tu. Siku ya soko Keroka huja watu wa vilima vyote, na kila aliyeoza binti ana mkwe humo sokoni, na kila aliyeoa ana baba mkwe. Naye amewawekea wote meza moja, watazamane midomo!

"Yule mzee na yule kijana..."

"Mtu na mume wa binti yake. Sisi tunaita chinsoni. Ni aibu ya heshima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama. Ulikuwa na nyundo mkononi."

Hapo Mama Adhis alikaa. Alikaa chini kabisa, juu ya gunia la viazi, bila kuambiwa na mtu. Alijisikia mjinga, na ujinga wenyewe haukuwa wa ugeni, maana angekuwa mgeni angesamehewa. Jambo hilo alilijua tangu utotoni. Alidhani tu ni la kwao peke yao.

Duncan alikuja kesho yake asubuhi. Alipelekwa jikoni akaambiwa, na mwanzoni hakuamini. Akampigia simu nyanya yake, bibi Nyangate wa Magwagwa, akaweka sauti wote wasikie. Bibi alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Duncan, wewe ni mtoto wa nani? Mimi nikikutana na mume wa shangazi yako njiani, namwachia njia napita kwenye majani. Halafu wewe unataka ninyonye samaki mbele yake? Yaya, hapana! Nani alikufundisha?"

"Nilisoma, Bibi."

"Ulisoma wapi na hukuniuliza?"

Simu ilipokatika, kijana wa watu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Adhis alikuwa amemwekea maneno tayari tangu alfajiri, na aliyatoa. "Umenivunjia hoteli! Siku nane, Duncan. Siku nane napakiwa kwenye lori kama gunia la mahindi, kwa sababu ya picha zako za ukutani!"

"Nyundo ilikuwa yako, Mama," Duncan alisema polepole, "lakini neno lilikuwa langu. Nimekosa. Nimekosa kwako, na nimekosa kwa watu wangu mwenyewe."

Angejitetea, angefukuzwa kwa mwiko. Lakini mtu aliyekubali kosa utampiga vipi? Mama Adhis akashusha pumzi. "Haya. Leo hii Alfayo anarudisha vijumba."

"Leo hapana."

"Nini?"

"Mara ya kwanza tulibahatisha. Tukirudisha leo tutakuwa tumebahatisha tena. Hata wakati wa mapazia, Mama, uliniambia hoteli haikuwa inajaa. Kwa nini? Twende tukawaulize wale wasioingia."

Alitaka kupiga kelele. Siku nane, na huyu anataka maswali! Lakini kuuliza si ujinga, na yeye alikuwa amekwisha kuonja ujinga wa kutouliza. Wakaenda. Siku mbili walizunguka kwenye ndizi, kwenye viazi, kwenye mitumba, Duncan akiuliza kwa Ekegusii chake kilichopinda mpaka akina mama wakamsahihisha kwa vicheko, na waliokwisha kucheka naye walimwambia kweli. Mama Adhis alishindwa kunyamaza, kila jibu analirukia, ikabidi Duncan amkanyage mguu.

Muuza ndizi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akinunua nifungie tu kila wiki, ndiye aliyewafungua macho. "Pazia ni zuri," alisema. "Linanificha nikila. Lakini nani atanificha nikitoka? Mlango ni mmoja. Nikiwa ndani na mkwe akakaa pale mlangoni, mimi nitalala humo? Siku moja nilikaa mpaka saa kumi!"

Mlango wa pili! Ukuta wa nyuma ulitazamana na njia ya soko la ndizi, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kufikiri kuutoboa. Mwenye nyumba, mzee Nyasani, alipoelezwa sababu hakuuliza swali la pili. Alisema mlango huo ungekuwapo, yeye mwenyewe angekuwa anakula hapo zamani.

Jioni wakiwa wanapima ukuta, Duncan akauliza, "Na nani atajua huyu asikae karibu na yule? Nani hapa anajua nani ameoa kwa nani?"

Nyakerario hakuinua macho kutoka kwenye mboga ya sukuma wiki aliyokuwa akikata. "Keroka, au mpaka Nyamira?"

Wakamjaribu. Walimtajia watu kumi, naye akawapa wake zao, wazazi wa wake zao, na mwaka ng'ombe wa mahari walipotoka. Duncan akamgeukia Mama Adhis. "Mtu wa mlango ni huyu," akasema.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko nyundo. Mlango ulikuwa wake. Sauti yake ndiyo iliyoita watu miaka yote, hata Ochanda akiwa hai. Akawaza kusema hapana. Akawaza nyumba ya karibu na lango. "Sawa," akasema, na akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Siku ya soko, siku ya lori, alikuwa jikoni tangu alfajiri na hakuruhusiwa kutoka. Vijumba vilikuwa sita, mapazia mapya ya kitambaa kizito, na mlango wa nyuma ukinuka saruji mbichi. Ile meza ndefu ilikuwa imetupwa uani. Hakujua kama watu watakuja. Aliunguza samaki wa kwanza. Aliunguza wa pili. Kila mara alisogea kuchungulia, na kila mara sauti ya Nyakerario ilimrudisha: "Mama, wawili, ngege, na ugali wa kahawia!" Kisha, "Mama, watatu!" Kisha maagizo yakaja bila kupumzika. Saa saba mchana ndipo alipogundua kuwa hajachungulia kwa muda mrefu, maana hakuwa na nafasi.

Lori lilipiga honi nje.

Odoyo aliteremka na fimbo yake na koti lake la mikutano, akaelekea mlangoni kama mtu anayeingia kwake. Nyakerario akamzuia kwa mkono. "Karibu, mzee. Wewe ni nani kwa mwenyewe, na uko na nani?"

"Mimi ni shemeji yake. Huyu ni mkwe wake. Tumekuja kumchukua."

"Sawa. Mkwe apite nyuma, kijumba cha sita. Wewe mzee, ngoja hapo kwenye benchi. Kumejaa."

"Ningoje?"

"Ungoje, mzee. Mbele yako kuna wanne."

Mtu hajawahi kumngojesha Odoyo tangu afe baba yake. Alingoja nusu saa, kwenye jua, kati ya fundi wa pikipiki na mama mwenye kuku. Aliona wanaoingia na aliona wanaoondoka kwa nyuma wakijifuta midomo. Alimwona yule mzee mwenye kofia akiingia, na yule mwalimu akiingia dakika tano baadaye, na kila mmoja akala kwa amani kama mwenzake hajazaliwa. Alipopata nafasi alikula polepole. Kutoka kijumba cha sita Odero aliita, "Mama, samaki ni mtamu!" na Mama Adhis akajibu kutoka jikoni, "Kula, mwanangu!" akiwa na mkia wa ngege mdomoni, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Baadaye Odoyo alisimama uani, fimbo chini ya kwapa. Mama Adhis alimjia akijifuta mikono.

"Akong'o," akasema, "ulisema Agosti."

"Nilisema, shemeji."

"Na lori nimelileta." Akatazama mlango wa nyuma, watu wakipita. Akakohoa. "Sasa lori limetoka Kendu Bay mpaka huku. Nikirudi nalo tupu, wazee nitawaambia nini?"

Mama Adhis akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alimwona mzee aliyechoka, anayetafuta mlango wake wa nyuma.

"Halirudi tupu," akasema haraka. "Beba hiyo meza, shemeji. Ya watu kumi na wanne. Wazee wakikutana tena nyumbani wakae, wale pamoja. Waambie imetoka hotelini kwangu."

Odoyo aliizunguka meza, akaigonga kwa fimbo, akazisifu mbao zake. Kisha akamwita Odero. Vijana wa soko wakasaidia, ikapandishwa miguu juu, ikafungwa kwa kamba. Mama Adhis alipita mbio ndani akatokea mbele, akasimama katikati ya mlango, akipunga mkono, machozi na moshi vimechanganyika usoni. Lori likaondoka likielekea Kisii, na yeye bado akapunga.

"Mama!" Nyakerario akamsukuma begani. "Toka mlangoni. Watu wanangoja."